Louisville: Nani Alichora Hizi Mistari?

Louisville, Kentucky, iko na wasee wangapi? Hiyo swali inakaa rahisi mpaka ujaribu kuijibu. Sensa ya 2000 ilipata watu 256,231 ndani ya mji. Ile ya 2010 ikapata 597,337. Hakuna maternity inaweza toa hao watoto wote kwa miaka kumi. Kilichofanya wera ni kalamu. November 2000 wasee walipiga kura, na January 2003 mji ukaunganishwa na kaunti yake yote, Jefferson County, gava ikawa moja. Msee alilala nje ya mji akaamka ndani ya mji, na hajahamisha hata sufuria.

Ukidai namba za 2020, kwanza chagua unauliza nani. Mji bila vile vijimji vidogo vya ndani ya kaunti vilivyobaki bila kumezwa kabisa, 633,045. Kaunti nzima, 782,969. Metro, yaani mji pamoja na kaunti zote zinazoutegemea kwa wera, hadi zile za ng'ambo ya mto kwa state ingine inaitwa Indiana, karibu 1,300,000. Namba ni tatu, na zote ni za ukweli. Msee wa Kanairo anaielewa hii bila kufunzwa: yule chali anarauka saa kumi usiku Kitengela akimbize mat ya kwenda Indaa, akilala ni wa Kajiado, akiamka ni wa Nairobi. Sasa mhesabu wapi?

Mayut wengi wakisema Majuu wanamaanisha New York, L.A., labda Atlanta ju ya ngoma. Lakini cheki venye watu wetu wamesambaa, wale waliotoka kambi za wakimbizi kama Kakuma, Dadaab, Nyarugusu, Nakivale. Wengi walipelekwa miji za katikati kama hii, zenye hazionekanangi kwa muvi. Kwa hivo tuijue Louisville vile mtu anajua mtaa wake: maji iko wapi, doh iko wapi, ngori iko wapi, na ni nani alipanga ikae hivo. Ju hiyo ndio naona ni ya maana kuliko namba. Population ya mji ni kitu imechorwa, na kila mstari uko na mwenye alishika kalamu.

Anza na mto. Ohio River inatoka Pittsburgh na inasafiri karibu kilomita 1,580 mpaka iingie Mississippi. Hiyo safari yote, kulikuwa na place moja tu ambapo mawe yenyewe yalikuwa yanasimamisha meli: Falls of the Ohio. Maji inashuka kama mita 8 ndani ya kilomita 3 hivi, kwa ngazi ndefu ya mawe ya chokaa. Hayo mawe ni mazee ajabu, yametoka enzi ya Devonian, karibu miaka 390,000,000 iliyopita, wakati hapo palikuwa bahari ya joto imejaa matumbawe. Maji ikipungua unatembea juu ya viumbe vilivyogeuka jiwe kabla hata dinosaria wa kwanza hajazaliwa.

Ukifika hapo na meli miaka ya 1780 na maji iko chini, huna form ingine. Unashusha mzigo, unalipa wasee waubebe kwa nchi kavu mpaka chini ya maporomoko, unapakia tena. Na penye mzigo unashuka, kuna mwenye atauza dishi, mwenye atakodisha kitanda, mwenye atauza pombe, mwenye atafunga mbao iliyovunjika. George Rogers Clark alifika 1778 na wanajeshi wake na familia kadhaa, wakajibanza kwa kisiwa kiliitwa Corn Island. 1780 mji ukapewa jina la Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, ju Ufaransa ilikuwa inasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza. Halafu 1830 mfereji ukafunguliwa wa kuzunguka mawe, na meli zikaanza kupita na mzigo wao. Mtaa wa Portland, hapo chini ya maporomoko, ulikuwa unakula kwa huo mgongo wa kubeba. Ulianza kusota pole pole, na mpaka leo ni moja ya mitaa zenye doh ni ngumu. Siku hizi meli zinashushwa kwa malango ya McAlpine Locks, matishari marefu ya makaa ya mawe na kokoto, na mto bado ni barabara.

Lakini huo mto ulikuwa pia mpaka, na hapa ndipo stori inakuwa nzito. Upande wa kusini, Kentucky, mtu mweusi angeweza kuuzwa. Upande wa kaskazini, Indiana, sheria haikuruhusu utumwa. Maji ni yale yale, na ng'ambo unaiona kwa macho yako. July 1831, Thornton Blackburn na bibi yake Lucie walitoka Louisville mchana kweupe kwa meli ya mvuke, wamevaa fiti, wakijibeba kama watu huru, wakahepa. Walikaa Detroit miaka miwili kabla ya washikaji wa watumwa kuwapata. Weusi wa Detroit wakakataa. Lucie alitolewa jela kwa kubadilishana nguo na mgeni aliyekuja kumwona, na siku iliyofuata mbogi ikamnyakua Thornton mikononi mwa sherifu. Wakavuka hadi Canada, na baadaye huko Toronto wakaanzisha biashara ya kubeba abiria kwa gari la farasi, teksi ya kwanza ya huo mji. Kila dere wa teksi Toronto ako na hao wawili kama babu na nyanya wa kazi, na walitoka Louisville.

York hakuwa na hiyo bahati. Alikuwa mtumwa wa William Clark, na October 1803 alitoka hapo kwa Falls pamoja na ile safari ya Lewis na Clark ya kwenda mpaka Bahari ya Pasifiki na kurudi. Aliwinda, alipiga makasia, alibeba bunduki kama wenzake. Waliporudi, wengine walipewa doh na mashamba. Yeye alirudishwa utumwani, na Clark akakataa kumwachilia kwa miaka. Sanamu ya York iko tao, kwa uwanja wa Belvedere hapo juu ya mto, imechongwa na Ed Hamilton, msanii wa huo huo mji. Ukienda Louisville, anzia hapo kabla hata hujatafuta hoteli.

Na ngori haikuwa ya weusi peke yao. Miaka ya 1840 na 1850 Wajerumani na Wairishi waliingia kwa wingi, ndio maana kuna mitaa zinaitwa Germantown na Butchertown. 6 August 1855, siku ya uchaguzi, wenyeji waliokuwa wamejazwa chuki dhidi ya wageni na Wakatoliki waliwavamia, wakachoma nyumba na kuua watu wasiopungua 22. Wenyewe wanaiita Bloody Monday. Leo wajukuu wa hao Wajerumani na Wairishi ndio wanaitwa wenyeji. Sisahau hiyo nikisikia msee akisema huu mji una "wenyewe".

January 1937 mto ulipanda ukakataa kushuka. Zaidi ya nusu ya mji ilizama, na watu karibu 175,000 walihama makwao, wengine wakitembea juu ya daraja la mapipa matupu ya whisky lililofungwa kwa haraka. Maji iliposhuka, gava ilijenga ukuta mrefu wa kuzuia mafuriko. Wenye doh hawakungoja ukuta. Walipanda mashariki, kwa vilima. Huko ndio ubabini mpaka leo: Highlands, St. Matthews, Anchorage, Prospect, na ukiendelea unatoka nje ya kaunti unaingia Oldham. Magharibi ni tambarare, mto umeizunguka pande tatu kama mkono uliokunjwa, na hao waliobaki huko hawakubaki ju ya kupenda.

Hapo ndio inabidi tubonge juu ya hiyo magharibi, inaitwa West End, na juu ya Ninth Street.

1914 mji ulipitisha sheria: kama block ina wazungu wengi, mweusi haruhusiwi kuhamia hapo, na kinyume chake. Wanaharakati wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, hawakukaa kulia. Walipanga kesi kimakusudi. William Warley, mweusi aliyekuwa anaongoza tawi lao, alikubaliana na Charles Buchanan, mzungu muuza ploti, amuuzie kiwanja kwenye block ya wazungu, halafu Warley akakataa kulipa akisema sheria haimruhusu kuishi hapo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na 1917 majaji wote wakakubaliana kwamba hiyo sheria haifai. Hiyo ni ushindi mkubwa, na ilivunja sheria kama hizo kwa miji zingine pia.

Kile kiliniuma nikiisoma ni kilichofuata. Mstari uliondolewa kwa kitabu cha sheria ukahamishwa benki. Miaka ya 1930 ramani za gava kuu zilipaka mitaa za weusi rangi nyekundu, maana yake usiwape mkopo wa nyumba hapo. 1954 msee mmoja mweusi, Andrew Wade, mwanajeshi mstaafu, alitaka keja ya familia yake huko Shively. Hakuna mtu alikuwa anamuuzia. Wazungu wawili, Carl na Anne Braden, wakanunua nyumba kwa jina lao wakampa yeye. Majirani walichoma msalaba, wakarusha mawe, wakapiga risasi, na mwishowe usiku wa June nyumba ikalipuliwa kwa baruti. Unajua nani aliingia ndani? Carl Braden. Alihukumiwa miaka 15 kwa kosa la uchochezi, akakaa miezi kadhaa kabla ya hukumu kutupwa. Waliolipua hawakuhukumiwa.

Halafu miaka ya 1960 ikaja na matingatinga. Walnut Street, magharibi mwa tao, ilikuwa na masinema, klabu za jazi, madaktari, kampuni za bima za weusi, yaani ile place mtu mweusi angeweza kuvaa luku yake ya Jumamosi na hakuna mtu anamuuliza anaenda wapi. Gava ikaibomoa ikisema inasafisha mji. Ninth Street nayo ikapanuliwa ikawa barabara pana ya magari yanayokimbilia freeway, na ndio ikawa ukuta bila matofali. Ng'ambo ya magharibi wengi ni weusi. Supamaketi ni za kuhesabu. Kando ya mto kuna Rubbertown, viwanda vya kemikali vilivyoanza kutengeneza mpira bandia wakati wa Vita ya Pili, na upepo unajua njia ya kuingia kejani kwa watu. Kati ya mitaa za magharibi na zile za mashariki, tofauti ya umri ambao mtu anatarajiwa kuishi inapita miaka 10. Umbali wenyewe ni safari fupi ya ndai.

Hapo ndio narudi kwa ile kalamu ya 2003. Kabla ya kuunganisha, weusi walikuwa karibu theluthi moja ya wakazi wa mji. Baada ya kuunganisha, wakawa karibu moja kwa tano. Hakuna aliyehama. Waliotetea huo mpango walisema mji mkubwa utavuta biashara, na ukweli ni kwamba mji ulikuwa unakonda, ulikuwa na watu 390,639 mwaka wa 1960. Naelewa hiyo hesabu. Lakini kwa maoni yangu kura ya West End ilipunguzwa uzito siku hiyo hiyo ambayo Louisville ilianza kujiita mji mkubwa, na kila msee anayesifu hiyo namba anafaa kuitaja na hiyo.

Huko West End, kwa nyumba ndogo ya Grand Avenue, ndio alikulia chali anaitwa Cassius Clay. 1954 alikuwa miaka 12, baiskeli yake ikaibiwa nje ya Columbia Auditorium. Akaingia ndani na hasira akitafuta polisi, akaambiwa kuna mmoja chini, anafunza ngumi. Huyo polisi, Joe Martin, akamwambia jifunze kupigana kwanza. Dunia ikampata Muhammad Ali. Wazae wetu wanajua alfajiri ya 30 October 1974, Kinshasa, vile alimwangusha George Foreman kwa raundi ya nane na uwanja mzima unamwimbia kwa Kilingala. February 1980 alitumwa na Rais Carter aje Afrika kutafuta wa kususia Olimpiki ya Moscow, akafika Dar na Nairobi. Nyerere alikataa kumwona, Kenya ikakubali kususia. Ali aliondoka huku akiwa na maswali yake mwenyewe juu ya hiyo safari, na aliyasema hadharani.

Alizikwa 10 June 2016 nyumbani. Msafara wake ulipita Grand Avenue, watu wamejaa pande zote wanatupa maua kwa gari. Walnut Street, ile iliyobomolewa, sasa inaitwa Muhammad Ali Boulevard. Airport nayo tangu 2019 ni Louisville Muhammad Ali International. Kaburi lake liko Cave Hill, makaburi yale yale ambako amelala Colonel Sanders wa KFC, kampuni ambayo ilikuwa na makao yake makuu hapo mpaka 2025 ilipotangaza yanahamia Texas.

Na sanse wa huo mji wako na stori nyingine. Usiku wa 13 March 2020 walivunja mlango wa keja kusini mwa mji na kumuua Breonna Taylor, manzi wa miaka 26 aliyekuwa anafanya wera hosi. Hakuna dawa za kulevya zilipatikana humo. Mayut walikaa barabarani na kwa uwanja wa Jefferson Square miezi na miezi, na June mji ukapitisha sheria kwa jina lake ya kupiga marufuku vibali vya kuvunja mlango bila kubisha. Waliopitisha hiyo sheria ni madiwani, lakini walioileta mezani ni madogo wa rika lako.

Si majonzi pekee. Jumamosi ya kwanza ya May, mji wote unavaa kofia. Kentucky Derby, ile mbio ya farasi, imekuwa ikikimbizwa kwa uwanja wa Churchill Downs tangu 1875, na siku hiyo zaidi ya watu 150,000 wanaweza kuwa uwanjani kwa mbio ya dakika mbili. Wenye nyumba za karibu wanauza parking kwa nyasi zao wenyewe, na hiyo doh ya siku moja inasukuma bili za mwezi. Wengi hawajui hii: Derby ya kwanza mshindi alikuwa mweusi, Oliver Lewis, na wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, halafu hiyo kazi ikafungiwa weusi mpaka wakaisha kwa orodha. Kwa ngoma, mji umetoa Bryson Tiller, yule wa Trapsoul ya 2015, Jack Harlow aliyesoma shule ya Atherton upande wa mashariki, na EST Gee. Ukiwasikiza hao watatu back to back unasikia kila mmoja anaongea mtaa wake.

Sasa twende usiku, ju Louisville ya ukweli inaamka usiku. Ukicheki ramani ya Marekani, huo mji uko pale ambapo ndege ikiruka inafika sehemu kubwa ya nchi ndani ya masaa machache. Kampuni ya UPS iliona hiyo mapema, na leo kituo chake cha Worldport hapo airport kinaweza kupanga vifurushi karibu 2,000,000 kwa siku. Ndege zinaanza kushuka giza likiingia, moja baada ya ingine, mikanda inakimbia mpaka alfajiri, halafu zote zinapaa tena. Ni ile biashara ya Falls of the Ohio, kushusha na kupakia, imehama tu kutoka majini ikaenda angani. Kampuni hiyo imeajiri zaidi ya watu 20,000 hapo mjini.

Na kuna mpango unaitwa Metropolitan College, ulianza 1998: ukifanya shifti ya usiku, kampuni na gava zinakulipia karo ya chuo, kama University of Louisville ama Jefferson Community and Technical College. Ni deal ya maana kwa mtoto wa hustler. Ni deal ngumu pia. Unasukuma mabox mpaka kukaribia kupambazuka, saa tatu uko daro, macho ni mekundu, na bado ujikaze. Wenye wamemaliza wako na digrii bila deni, na Marekani hiyo ni kitu kubwa. Mchana nao kuna viwanda viwili vya Ford, na Appliance Park, penye friji na mashine za kufua zimekuwa zikiundwa tangu miaka ya 1950. Kwa mtu amefika jana na Kizungu chake ni cha kuokota, hizo ndio mlango.

Hiyo ndio inaeleza South End. Panda Iroquois Park, mlima uliofanywa bustani miaka ya 1890 na Frederick Law Olmsted, yule aliyechora Central Park ya New York, na chini yako ndio mitaa hizo. Ploti za ghorofa mbili, matofali mekundu, kodi nafuu kuliko mashariki, karibu na airport na viwanda. Wavietnam walikaa hapo. Wabosnia wakafuata miaka ya 1990. 2001 wakaja wale vijana wa Sudan waliokulia Kakuma. Wasomali Wabantu, Wanepali wa Bhutan, Wairaki, Wakuba kwa maelfu. Halafu Wakongo, wengi wao wamezaliwa ama kukulia kambini Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Mashirika kama Kentucky Refugee Ministries na Catholic Charities yalikuwa yanawapokea airport, yanawatafutia keja na wera ya kwanza, na baada ya miezi michache ni wewe na nguvu zako.

Kwa hivo Kiswahili kimekuwa kati ya lugha zinazoongoza kwa shule za umma za kaunti baada ya Kizungu na Kihispania. Ni Kiswahili cha aina zote: cha Bukavu na Uvira, cha Bujumbura, cha Kigoma, na cha yule dogo alikaa Eastleigh miaka kadhaa akaondoka na Sheng mdomoni. Dukani unapata unga, ndagala, sombe, mafuta ya mawese. Mtoto akifika bila Kizungu anaanzia Newcomer Academy, na kwa daro moja kuna madogo wametoka mabara manne. Ndani ya miaka miwili anatafsiria mathe yake barua ya hosi, barua ya kodi, barua ya shule. Huyo mtoto anabeba mzigo wa mtu mzima, na nadhani hakuna namba ya sensa inaonyesha hiyo.

Shida kubwa ya South End ni ndai. Mabasi ya TARC yapo lakini si mengi, na viwanda vingi viko nje, penye shifti inaanza wakati basi limelala. Ukiwa huna gari unaomba lifti, na wanaokupa lifti wanajuana wote, ndio maana kanisa na msikiti ni muhimu zaidi ya maombi. Wengine wamevuka mto kabisa wakahamia Jeffersonville na New Albany, Indiana, kufuata nyumba za bei poa. Madaraja mawili mapya, la 2015 na la 2016, yanatoza ada kila ukivuka, kwa hivo msee anapiga hesabu ya kodi na ya daraja pamoja. Kwa miguu ni bure: Big Four, daraja la reli lililokaa miaka mingi bila njia ya kulipanda, tangu 2014 linakutoa Kentucky mpaka Indiana ukitembea. Jioni ya joto utasikia Kiswahili hapo katikati ya mto, ule ule ambao Blackburn na bibi yake walihepa nao.

Na kuna mwingine wetu wa kutaja. Wesley Korir, kijana wa Kitale, alisomea University of Louisville na kufanya mji huo nyumbani kwake pa pili. 2012 alishinda Boston Marathon kwa joto kali lililowaangusha wengi, na mwaka uliofuata akachaguliwa mbunge wa Cherangany. Yeye hakuja kama mkimbizi wa kambi, alikuja na miguu yake, lakini barabara alizofanyia mazoezi ni zile zile.

January 2025 Rais Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimepita mahojiano, vipimo, na zimepewa tarehe ya ndege, ziliambiwa zibaki. Kwa Louisville hiyo si siasa ya mbali. Huu mji ungekuwa unasimama ama kupungua kama si watu waliozaliwa nje ya Marekani, ju wenyeji wengi wanazeeka na wengine wanahamia kaunti za pembeni. Kuna nyumba South End penye buda ako huku na mtoto wake mkubwa amebaki Nyarugusu, na hiyo kalamu nayo iko na mwenye aliishika.

Sensa ijayo ni 2030. Fomu ya 2020 iliacha nafasi, ukitia alama ya mweusi, ya kuandika asili yako. Dogo aliyefika Louisville 2016 akiwa miaka minane atakuwa na miaka 22, labda na keja yake, labda na shifti ya usiku na kitabu cha chuo kwa begi, na hiyo fomu itafika mlangoni kwake. Neno kwa wazazi wa South End ni moja: jaza, na uhesabu hata mtoto mchanga, ju doh ya shule, ya barabara na ya basi inafuata hizo namba.